Daftari la Saba la Njoki

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo nikiifikiria hata leo nahisi masikio yakipata moto. Tulikuwa Loresho, kwa shangazi yetu Gathoni, dada ya marehemu baba, baada ya ibada. Shangazi alikuwa amewaalika watu wa ofisini kwake, wamekaa kwenye nyasi na vikombe vyao vya chai. Akamshika mdogo wangu Njoki mkono, akamzungusha kwa wageni mmoja mmoja. "Huyu ndiye mwandishi wetu," akasema. "Anaandika riwaya." Alipofika nilipokuwa, nimeinama nikimpangusa Mama mdomo, akaongeza, "Na huyu Wangui ndiye anatusaidia na mgonjwa."

Anatusaidia. Kama mtu aliyeandikwa kazi.

Nilitabasamu, maana nilikuwa nimefunzwa adabu, nikaendelea kumlisha Mama keki vipande vidogo vidogo. Sitakudanganya kwamba wivu ulianza siku hiyo. Ulikuwepo siku nyingi, nikiufukuza kama mtu anayefukuza nzi huku mikono imejaa unga. Siku hiyo niliacha kuufukuza, ukatua.

Acha nikueleze tulivyokuwa, usije ukadhani nilimchukia mdogo wangu bure. Sisi ni watu wa Kinoo. Baba alikuwa fundi wa kuchonga mawe, akafa kwenye timbo, ukuta wa mawe ulipomwangukia. Mwaka uliofuata Mama akapata kiharusi, upande wake wa kulia ukalala, na maneno yakawa yanamtoka polepole, moja moja. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, niko kidato cha pili. Njoki alikuwa na tisa. Hakuna aliyeniambia niache shule. Asubuhi moja tu nilimwogesha Mama, nikamlisha, nikamvalisha Njoki sare na kumpeleka shuleni, na niliporudi nikaona saa ya mimi kwenda imepita. Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Nikaacha kufua sare yangu.

Njoki alisoma. Alisoma vizuri mpaka akaingia chuo kikuu kusomea ualimu. Mimi nilijifunza kuchapa, jirani akikaa na Mama mchana, nikapata kazi katikati ya jiji, ghorofa ya pili kwenye kichochoro kilichotokea barabara ya Tom Mboya, kwenye ofisi ya uchapaji ya Mzee Mutiso. Alikuwa Mkamba wa Mwala, mpole, aliyekuwa mchapaji serikalini mpaka akapunguzwa kazi. Tulichapa barua za kuomba kazi, mikataba ya nyumba, programu za mazishi. Nilikuwa na vidole vyepesi. Watu walipanda ngazi wakimuulizia Wangui kwa jina, na hilo lilinipa fahari kidogo, fahari ya mtu ambaye hana nyingine.

Sasa, mwanzoni mwa miaka ile ya elfu mbili, wachapishaji fulani walitangaza shindano la riwaya za Kiswahili kwa waandishi wapya. Ambaye angeshinda, kitabu chake kingetolewa mwaka uliofuata. Njoki alikuwa ameandika riwaya yake yote kwa mkono, kwenye madaftari saba ya shule. Lakini chuo kikamtuma Kitui kufanya mazoezi ya kufundisha muhula mzima, na siku ya mwisho ya kupokea miswada ilikuwa karibu. Akaja ofisini akielekea kupanda basi, begi mgongoni, madaftari ndani ya mfuko wa plastiki.

"Wangui, hakuna mtu mwingine ningempatia hii," akaniambia. "Nichapie, halafu uwapelekee. Lakini usiruke mbele. Ya saba usiifungue mpaka umalize hizo zingine, tafadhali."

"Kwani iko nini huko?"

"Utaona tu." Akanikumbatia haraka, akashuka ngazi mbili mbili.

Mzee Mutiso aliniruhusu kutumia kompyuta wakati wa chakula cha mchana na Jumamosi wateja wakipungua. Nikaanza. Na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, mwanangu. Ile riwaya ilikuwa nzuri. Ingekuwa mbaya ningeisamehe. Ningeichapa huku nikicheka moyoni, nikaipeleka, nikalala usingizi wangu. Lakini ukurasa wa tatu tu nilikuwa nimesahau chakula changu mezani.

Ilikuwa hadithi ya kubuni kabisa, ya mambo yasiyowezekana. Msichana aitwaye Wacera anagundua kwamba mtu akiteremka ndani ya timbo la zamani jua likiwa utosini, akatembea mpaka ukuta wa upande wa pili, hutokea katika miaka iliyopita. Baba yake alifia kwenye timbo hilo. Basi Wacera anaamua kurudi nyuma amzuie baba asiende kazini siku ile. Lakini hawezi kuteremka bila kamba, na kamba lazima ishikwe na mtu wa damu yake aliyebaki juu. Aliyeishika ni dada yake mkubwa, Nduta. Na kila Wacera anapovuka, Nduta anazeeka mwaka mzima kwa mchana mmoja.

Unaona nilikokuwa naelekea. Nduta hakuwa na mume. Nduta alikuwa na mikono iliyopasuka kwa sabuni. Nduta alikuwa na namna ya kujibu kwa neno moja akiwa amechoka, na nilipolisoma neno lile nililisikia kwa sauti yangu mwenyewe. Siku baada ya siku nilikaa pale nikichapa maisha yangu, yakiwa yamepewa jina lingine na mtu ambaye alikuwa anaoga maji niliyomchotea mimi. Uchovu wangu ndio uliokuwa unakwenda kumpa sifa. Watu wa Loresho wangelia wakisoma mikono ya Nduta, kisha wangempongeza Njoki kwa kuielezea vizuri.

Daftari la sita liliisha hivi: Wacera amemkuta baba akiwa hai, anachoma mahindi, anacheka. Juu kule, nywele za Nduta zimekuwa nyeupe na kamba inamkata viganja. Wacera anajua. Anajua, na bado anasema moyoni, acha nikae siku moja zaidi.

Niliondoa mikono kwenye kompyuta. Nikasema, basi hivi ndivyo anavyoniona. Mti wa kufungia kamba.

Lile la saba sikulifungua. Nililiweka chini kabisa ya droo yangu, chini ya karatasi za kaboni ambazo hatukuzitumia tena, nikachapisha nilichokuwa nacho, nikakitia kwenye bahasha. Siku ya mwisho nikaipeleka mwenyewe kwa wachapishaji, upande wa Westlands, nikaweka sahihi kwenye kitabu cha mapokezi. Nilijiambia hadithi haikuhitaji zaidi ya pale, kwamba imetosha. Mtu akitaka kufanya ubaya, mwanangu, hakosi sentensi nzuri ya kujiambia.

Jioni ile Njoki akapiga simu kutoka Kitui.

"Umewafikishia?"

"Nimefikisha."

"Na ya saba? Umeionaje?"

Ningeweza kusema ukweli hapo. Mlango ulikuwa wazi. "Niliipenda," nikasema.

Nikasikia kwamba analia. "Nilikuwa naogopa sana utakasirika," akasema. "Asante, Wangui. Asante." Sikuelewa anachoshukuru, na sikuuliza.

Matokeo yalitoka muhula ulipokwisha. Njoki hakushinda. Mswada ulirudishwa pamoja na barua fupi iliyosema kwamba wasomaji wao walivutiwa mno, na ndiyo maana walisikitika kuona hadithi imekatika kama mtu aliyeondoka katikati ya mazungumzo, na yule dada mkubwa ameachwa pale ukingoni. Njoki aliisoma barua ile mara mbili akiwa amesimama sebuleni kwetu. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha.

"Kitabu... imetoka?" Mama akauliza.

"Bado, Mama." Kisha Njoki akafunua mswada upande wa mwisho, akanigeukia. "Wangui, kurasa za mwisho haziko."

Nikasema kompyuta ya kazini ilikuwa na virusi, lazima ilimeza kurasa. Nikasema siku ya kupeleka bahasha nilikuwa nimelibeba daftari kwenye mfuko pamoja na mengine, labda lilianguka huko. Aliniamini. Hilo ndilo baya. Alikwenda Westlands mara mbili kumuuliza karani wa mapokezi kama waliona daftari lenye jalada la kijani. Akajaribu kuandika upya sehemu ile, akachana karatasi, akaandika, akachana. Siku moja alinijia jikoni nikimenya viazi.

"Nisaidie," akasema. "Wewe uliisoma. Nduta alisema nini pale mwisho kabisa? Maneno yake yenyewe. Yalinijia mara moja tu na sasa hayarudi."

Nilikata kiazi. Nikakata kingine. "Nimesahau."

"Hata kidogo hukumbuki?"

"Njoki, nasoma vitu vingi kazini. Nimesahau."

Aliniangalia muda mrefu. Alitoka, na tangu siku ile sikumwona tena na kalamu. Na mimi, ambaye nilidhani nitafurahi, nilikuta sijapata chochote. Sikuwa mwandishi kwa sababu yeye ameacha kuandika. Miaka yangu ya shule haikurudi. Nilikuwa nimebaki na wivu uleule, na sasa hata wa kumwonea hayupo.

Aliyenifumania ni Mzee Mutiso. Asubuhi moja mteja alitaka fomu ya nakala tatu, ya mtindo wa zamani, na mzee akafungua droo yangu kutafuta kaboni nikiwa nimetoka kidogo. Niliporudi kutoka dukani na maziwa ya chai nilimkuta ameketi kwenye kiti changu, miwani puani, daftari la kijani mapajani. Alikuwa kwenye ukurasa wa mwisho.

"Hii ni ya mdogo wako," akasema. Haikuwa swali. "Alipita hapa mwezi jana akiuliza kama tuliiona. Nilimwambia hapana. Umenifanya niseme uongo, Wangui."

Niliweka maziwa mezani.

"Nimechapa miaka thelathini na tano. Nimechapa barua za kufukuza marafiki zangu kazini. Nimechapa na yangu mwenyewe. Sikuwahi kuacha mstari hata mmoja." Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Hebu niambie. Ulisoma?"

"Sikusoma, Mzee."

"Hukusoma." Akavua miwani. "Umemnyonga mtu na hata hukumsikiliza. Keti hapa. Wateja nitawaangalia mimi. Keti usome, na usiinuke mpaka umalize."

Nikaketi. Daftari la saba lilikuwa fupi kuliko mengine. Wacera yuko kwa baba yake, na baba anamuuliza, "Ni nani ameishika kamba?" Anajibu, "Ni Nduta." Baba anaacha kucheka. Anamwambia kwamba mtoto anayekuja kumwokoa baba kwa kumla dada yake hajaja kwa ajili ya baba. Anamwambia arudi. Wacera anapanda juu bila kumzuia baba, akilia njia nzima. Anafika ukingoni, anamkuta Nduta ni bibi kizee, mikono imeshikana na kamba haitaki kufunguka. Anaifungua kidole kimoja kimoja. Anajifunga ile kamba kiunoni mwake mwenyewe, anamwambia, "Sasa shuka wewe. Urudi siku ile ulipoacha kufua sare yako. Nitashika mimi." Na Nduta, ambaye katika hadithi yote hajawahi kuomba kitu, anasema, "Nilidhani hukuwahi kuona."

Ndiyo maneno aliyokuwa ameyapoteza. Nilidhani hukuwahi kuona.

Alikuwa na miaka tisa, mwanangu. Miaka tisa, nikamwona mdogo anayefikiria peremende, kumbe alihesabu siku ambayo sare yangu haikuanikwa. Nililia pale ofisini mbele ya wateja. Mzee Mutiso aliniwekea chai mezani, akaniambia, "Chukua ruhusa. Nenda umwambie leo, si kesho."

Nilimwambia mchana uleule, nyumbani, Mama akiwapo, kwa sababu sikutaka nafasi ya kupunguza maneno. Nilimpa Njoki daftari mkononi, nikasema kila kitu: droo, bahasha, virusi, yote. Nilitegemea atapiga kelele. Alilifungua daftari, akahakikisha kurasa zote zipo, akalifunga.

"Ungekuwa umeificha tu, ningeelewa," akasema. "Lakini uliniambia uliipenda. Nililia kwa simu, Wangui. Nilidhani umenisamehe."

"Njoki..."

"Wacha."

Mama alikuwa akijaribu kusema kitu, mdomo unamhangaisha. Tulingoja wote wawili. "Watoto wangu," akasema hatimaye. Hakuweza zaidi ya hapo.

Njoki alihama. Alipata kazi ya kufundisha Dagoretti, akapanga chumba kule, na kwa miezi minne alikuja kumwona Mama siku ambazo alijua niko kazini. Nilikuwa nikikuta chupa ya supu mezani, ya mifupa ya kule sokoni kwao, na nguo za Mama zimepigwa pasi. Hakuna ujumbe.

Kisha Jumamosi moja akaja nikiwapo, na gari la kukodi likimngoja nje. Uso wake ulikuwa mgumu. Akasema, bila kukaa, "Nimekuja kumchukua Mama. Nimepanga nyumba ya vyumba viwili. Wewe kuna masomo ya watu wazima, pale mjini, jioni. Nimekuulizia. Unaweza kufanya mtihani wa kidato cha nne mwaka ujao."

"Lakini bado umenikasirikia," nikasema.

"Sana. Lakini hii niliamua kabla ya hayo yote. Hii haihusiani na hasira."

Basi akafanya alichokuwa ameandika. Alimchukua Mama, akamwogesha na kumlisha kabla ya kwenda darasani na baada ya kurudi, mwaka na zaidi, huku hanisemeshi ila kwa lazima. Na mimi, mtu mzima wa miaka thelathini na miwili, nikakaa kwenye dawati nikifanya hesabu na vijana. Kila somo nililofaulu lilinichoma, kwa sababu nilijua nimepewa na nani. Hakuna aibu kama kutendewa wema na mtu uliyemdhulumu, ambaye bado hajakusamehe, na anautenda tu.

Mama alifariki Dagoretti, kabla mvua za masika hazijakatika. Wachapishaji walikuwa wamekubali kuupokea mswada tena, lakini nje ya shindano, na foleni ilikuwa ndefu. Kitabu kilitoka mwaka mmoja baada ya mazishi. Mama alikuwa akiuliza kila wiki kama kimetoka. Alitaka kukishika kwa ule mkono wake mzima. Ningekuwa nimechapa kurasa ishirini na nane zaidi, labda angekishika. Nasema labda, kwa sababu huenda Njoki asingeshinda hata hivyo, na watu wengi wamenifariji kwa neno hilo. Halinifariji.

Siku ya kukizindua, katika ukumbi mdogo jijini, nilikaa nyuma pamoja na Mzee Mutiso. Msichana mmoja alisimama akamuuliza Njoki kama Nduta ni mtu wa kweli. Njoki alinitafuta kwa macho mpaka akanipata. "Ninaye dada," akasema. "Alinikosea, na mimi nilikuwa nimeishi kwa jasho lake miaka mingi kabla sijamwambia asante. Tungali tunaongea." Ndivyo ilivyo hadi leo, mwanangu. Tunaongea. Tunacheka pia, na watoto wake wananiita mama. Ila miswada yake hunionyesha ikishakuwa kitabu, si kabla, na sijawahi kumwomba iwe vinginevyo.

Sasa sikiliza ninalotaka ulishike. Wivu utakuja. Utamwonea ndugu yako kabla ya kumwonea mgeni, kwa sababu ndugu ndiye uliyemwona akianza sawa na wewe. Ukija, usijifanye haupo. Nenda kwa mtu huyo ukamwambie kinachokuuma, hata kama sauti itakukatika. Ningemwambia Njoki siku ile ya Loresho kwamba neno la Shangazi limenichoma, tungelia wote tukamaliza. Usiguse kazi ya mtu ukiwa na uchungu naye. Usimhukumu mtu kwa nusu ya alichosema. Na ukishakosa, kiri mapema, maana wewe unaweza kungoja ujasiri ukujie, lakini mzazi wako mgonjwa hawezi kukungojea. Yale ya kurudi nyuma ni ya kwenye riwaya. Na kama wewe ndiye uliyebebwa, geuka mapema umwambie aliyekubeba kwamba unamwona.

Mungu akupe ndugu wa kumfurahia bila kinyongo. Akupe moyo wa kupiga makofi mwenzako akitangulia, na mikono ya kumpokea akichoka. Wazee wako wakae wayaone matunda yako wakiwa hai, wayashike kwa mikono yao. Nenda kwa amani, mwanangu, na uwasalimie nyumbani.